Makaroni ya kuku ya kuoka: kazi yote iko kwenye vitunguu

Kwa trei moja ya kulisha watu sita hadi wanane, nunua vitunguu maji kilo moja. Mwenye genge anaweza kukuuliza kama nyumbani kuna shughuli. Mwambie hakuna, ni chakula cha jioni tu. Kitunguu ni maji karibu asilimia 90, na mengi ya maji hayo yanatakiwa yaondoke kabla hatujagusa makaroni. Kilo yako itaishia kujaza kikombe kimoja na nusu hivi: kitu laini, cha kunata, rangi ya hudhurungi, chenye utamu uliokolea na harufu ya nyama ya kuchoma ingawa hakuna nyama ndani yake. Ukibana matumizi ukanunua nusu kilo, utakuwa umepika makaroni ya kuku ya kawaida. Si mabaya, ila siyo haya ninayoyazungumzia.

Naanza na vitunguu kwa makusudi. Wengi wanaopika chakula hiki kwa mara ya kwanza wanaiamini mno oveni. Wanadhani kilichoingia nusunusu kitajimaliza humo ndani. Oveni hapa inaunganisha vitu vilivyokwisha kuiva na kuchoma uso wa juu, basi. Ladha inatengenezwa kabla, sufuriani. Kitunguu kilichoingia hakijaiva sawasawa kinatoka kinachuruzika maji, nyama isiyokolea chumvi inatoka hivyo hivyo, na sosi iliyoingia nzito inatoka imeganda hadi unaikata kwa kisu.

Kwa namna kinavyojulikana leo, chakula hiki ni cha Wamarekani, ingawa mizizi yake iko Italia na Ufaransa. Ndugu yake mashuhuri ni tetrazzini, yaani tambi za kuku katika sosi nyeupe, aliyepewa jina la Luisa Tetrazzini, mwimbaji wa opera kutoka Italia aliyependwa sana San Francisco mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1934 kampuni ya Campbell ilianza kuuza supu nzito ya uyoga ya kopo, na tangu hapo mapishi mengi ya huko yakaacha kabisa kupika sosi: kopo moja, kuku, tambi, oveni. Ndiyo trei ambayo jirani wa Minnesota au Iowa atakuletea imefunikwa foili ukifiwa au ukijifungua. Vitunguu vya kupikwa polepole vimetoka upande mwingine, kwenye supu ya vitunguu ya Wafaransa, ile inayofunikwa mkate na jibini. Misri nayo ina makaroni yake ya bashamel, yaani sosi nyeupe, ambayo wasomaji wetu walioko Muscat na Dubai hawahitaji kuelezwa. Kopo sina ugomvi nalo, lakini siagi, unga na maziwa vinafanya kazi ile ile vizuri zaidi, na vinapatikana duka lolote la mtaani.

Turudi kwenye kilo yetu. Vitunguu vyekundu vya Mang'ola, vya Ruaha Mbuyuni au vya Singida vyote vinafaa. Hata aliyeko Nairobi, mara nyingi anavyonunua vimevuka mpaka kutoka huko huko. Chagua vilivyokauka shingo, vigumu ukivibonyeza. Kilichoanza kuchipua kiache, kimeshaanza kula sukari yake mwenyewe. Menya, pasua katikati kutoka shingoni hadi kwenye mizizi, kisha kata vipande vya unene wa nusu sentimita ukiifuata mistari ya kitunguu badala ya kuikatiza. Vilivyofuata mistari vinastahimili moto wa muda mrefu, vilivyokatizwa vinayeyuka. Wembamba wa kachumbari hautakiwi hapa.

Mpishi wa Pwani aliyezoea biriani itabidi aweke pembeni baadhi ya anachokijua. Vitunguu vya biriani vinakaangwa kwenye mafuta mengi yaliyopata moto, vinaepuliwa vikianza tu kuwa rangi ya dhahabu kwa kuwa vinaendelea kujipika vikiwa nje ya karai, na vinatakiwa vikauke hadi vivunjike mkononi. Vya pilau navyo vinasukumwa haraka ili vitoe rangi. Hivi vyetu vinataka mafuta machache, moto mdogo na muda. Vikikauka vimeharibika.

Sufuria iwe pana na yenye kitako kizito. Sufuria nyembamba ya alumini inaunguza mahali pamoja huku pengine pakiwa pabichi. Weka siagi gramu 30 na mafuta ya kula vijiko viwili vikubwa, washa moto wa wastani, mimina vitunguu vyote pamoja na chumvi nusu kijiko cha chai, geuza, funika. Baada ya dakika 10 ukifunua utavikuta vimenywea na vinaogelea kwenye maji yao. Sasa viache wazi na upunguze moto. Kwa dakika 15 au 20 zinazofuata hutaona mabadiliko yoyote ya maana, na ndipo watu wengi wanapokata tamaa na kuongeza moto. Vuta subira. Maji yanachemka kwa nyuzi 100, na madamu bado yapo, kitunguu hakiwezi kupata joto zaidi ya hapo, wakati kugeuka rangi kunataka joto zaidi. Maji yakishapungua ndipo sukari ya kitunguu inapoingiliana na chembechembe za protini zake, badiliko ambalo mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza mwaka 1912. Ni lile lile linalotia rangi na harufu kwenye ganda la mkate na kwenye mshikaki.

Utasikia kabla hujaona. Sauti ya kutokota inafifia, inabaki ya kuchachatika, kavu zaidi. Ukisogeza vitunguu kwa mwiko utaona utando wa kahawia umeshika kitakoni. Huo ndio mali. Nyunyiza maji vijiko viwili, ukwangue kwa mwiko wa mti mpaka wote uingie kwenye vitunguu, acha maji yakauke, subiri utando mwingine utokee, nyunyiza tena. Kila ukikwangua, rangi inapanda: njano iliyofifia, kisha asali, kisha hudhurungi ya tende. Ukiona utando umekuwa mweusi na harufu imeanza uchungu, usikwangue tena. Chota vitunguu vya juu uvihamishie sufuria nyingine, kilichoungua ukiache kilipo. Jumla ni dakika 45 hadi saa nzima. Mapishi yanayokwambia dakika kumi yanadanganya, na si mimi wa kwanza kulalamika: mwaka 2012 Mmarekani Tom Scocca aliandika makala nzima katika jarida la Slate akiwasuta waandishi wa mapishi kwa uongo huo mmoja tu.

Sukari usiongeze, iliyomo inatosha. Wanaotia magadi kidogo ili kuharakisha wanapata rangi haraka kweli, lakini wanaishia na rojo badala ya vipande. Vikishaiva, tia kitunguu saumu punje tatu zilizopondwa, geuza kwa dakika moja, halafu siki kijiko kimoja kikubwa au maji ya nusu ndimu. Wafaransa hapo hutia mvinyo. Kinachotafutwa ni uchachu wa kuukata utamu, na ndimu inautoa bila shida.

Wakati vitunguu vikiwa motoni, kuku achemke pembeni. Kuku wa kisasa wa kilo moja na robo, akiwa amekatwa vipande, anatosha. Maji ya kumfunika tu, chumvi kijiko kimoja cha chai, punje chache za pilipili manga, kitunguu kimoja kilichopasuliwa, dakika 30 hadi 35 kwa moto mdogo. Supu ikitokota kwa fujo, kidari kinakauka na hakuna sosi itakayokiokoa. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 74 kwenye sehemu nene ya paja. Kuku wa kienyeji anataka saa moja na nusu, akiwa mzee hata zaidi, kwa hiyo anatangulia vitunguu kwenda jikoni. Kwa chakula hiki mimi namchagua wa kienyeji, na sababu ni supu kuliko nyama: nusu lita ya supu hiyo itaingia kwenye sosi, na hakuna kidonge cha dukani kitakachoifikia. Engua mafuta yaliyoelea juu kama ni mengi.

Mnyambue akiwa na joto la kuvumilika mkononi. Vipande viwe na ukubwa wa kidole gumba. Ukimnyambua mpaka awe nyuzinyuzi atapotelea ndani ya makaroni, na mlaji atauliza kuku yuko wapi. Weka pembeni vijiko vitatu vya vitunguu vilivyoiva, vingine vichanganye na nyama ukiwa bado hujafanya sosi, uonje, urekebishe chumvi hapo hapo. Mchanganyiko huo ukiwa mtamu peke yake, umeshafika mbali. Aliye na kuku wa kuchoma aliyebaki jana amtumie bila wasiwasi, ila ajue supu ataitafuta kwingine.

Makaroni gramu 400, ya umbo fupi lenye tundu ili sosi iingie ndani: pene, au yale ya kupinda yanayouzwa kila duka. Angalia kwenye pakiti kama yametengenezwa kwa ngano ya durum. Ya ngano laini ni nafuu, lakini yakipikwa mara mbili, sufuriani na kwenye oveni, yanakuwa bwabwa. Chemsha maji lita nne kwa chumvi gramu 40, na uyatoe makaroni dakika tatu kabla ya muda ulioandikwa. Ukiuma moja, katikati liwe bado na ugumu. Hata hivyo, dakika za pakiti zimepimwa kwa maji yanayochemka kwa nyuzi 100. Dar es Salaam na Mombasa ni hivyo. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,700, maji yanachemka kwa nyuzi kama 94, na Iringa na Mbeya hawako mbali na hapo, kwa hiyo makaroni yanachelewa. Huko juu, jino liaminiwe kuliko saa. Chuja, mwagia mafuta kidogo yasishikane, usiyasuuze kwa maji baridi.

Sosi nyeupe inawatisha watu bila sababu. Yeyusha siagi gramu 60, tia unga wa ngano gramu 60, ambao ni vijiko vikubwa saba hivi, koroga kwa moto mdogo dakika mbili ili ubichi wa unga uondoke bila kubadilika rangi. Maziwa, mililita 700, yawe na joto kidogo, na yaingie kwa awamu: kikombe cha kwanza kitaugeuza unga kuwa donge moja kubwa, na hapo wengine wanashtuka, endelea kukoroga, ongeza, litalainika. Maziwa yakiisha fuatisha supu nusu lita. Chemsha dakika tano. Yakitokea madonge, pitisha kwenye chujio, hakuna atakayejua.

Sosi hii itakuonekea nyepesi mno. Iache. Makaroni uliyoyatoa mapema yataendelea kunywa humo trei ikiwa kwenye oveni, na yanakunywa kweli kweli. Ukiyachanganya yote, sosi iwe inaonekana imezidi, inateleza kati ya makaroni na kujikusanya chini ya bakuli. Nikilazimika kuchagua kati ya iliyozidi na iliyopungua, nachagua iliyozidi bila kufikiri, kwa sababu trei yenye majimaji kidogo inajirekebisha ikipumzika dakika 15, na trei iliyokauka haina tiba.

Viungo vya sosi ni vichache. Kungumanga ikunwe hapo hapo, robo kijiko cha chai. Tunaiotesha Zanzibar halafu jikoni tunaikumbuka kwenye chai na vitamutamu tu, ilhali ndiyo inayoipa sosi nyeupe uhai wake. Pilipili manga iwe nyingi. Haradali kijiko kimoja cha chai ukiwa nayo. Kumbuka kwamba kitunguu ni kitamu, maziwa ni matamu na makaroni yamepoa; chakula kisipopata ukali na uchachu, mtu anachoka katikati ya sahani. Ndiyo maana simshauri mtu kutumia tui la nazi badala ya maziwa, ingawa najua Tanga na Lamu watajaribu. Utamu unarundikana. Atakayeng'ang'ania aongeze ndimu na pilipili mbichi, na akubali kwamba amepika chakula kingine, pengine kizuri.

Jibini ni gramu 250, na ndilo litakalokula bajeti. Gouda linayeyuka vizuri na lina ladha; wasomaji wa Goma wanalo la Masisi la aina hiyo mlangoni mwao, na nawaonea wivu. Cheddar lina ladha kali zaidi ila linaachia mafuta. Mozzarella linavutika na kupendeza machoni, halafu mdomoni halisemi kitu. Kama ndilo ulilonalo, lichanganye na jingine. Vile vipande vya pembetatu vya kupaka kwenye mkate viachie mkate. Likune mwenyewe, kwa kuwa lililokunwa kiwandani huwa limepakwa wanga lisishikane, na wanga huo unaikwaruzisha sosi. Epua sosi ndipo utie theluthi mbili ya jibini. Likikutana na moto mkali linakatika na kuwa chengachenga. Chumvi ya sosi ionjwe baada ya jibini kuingia, si kabla.

Kupanga ni kazi ya dakika tano. Paka siagi trei ya sentimita 23 kwa 33. Nusu ya mchanganyiko wa makaroni, sosi, kuku na vitunguu iingie kwanza, utawanye juu yake vile vijiko vitatu vya vitunguu ulivyoweka pembeni, kisha ufunike kwa nusu iliyobaki, ili mlaji akutane navyo vikiwa vyenyewe. Juu nyunyiza jibini lililobaki na chenga za slesi mbili za mkate wa jana zilizokaangwa kidogo kwenye siagi. Oveni iwe imeshapata moto wa nyuzi 190. Dakika 25 hadi 30, bila kufunika, mpaka pembeni patokote na juu pawe dhahabu. Kama uliwahi kukaanga vitunguu vya biriani na una vilivyobaki kwenye kopo, vimwagie juu dakika tano za mwisho. Wamarekani wana trei yao ya maharage mabichi, iliyobuniwa mwaka 1955 katika jiko la Campbell na Dorcas Reilly, inayopendwa kwa vitunguu hivyo vikavu vya juu hasa. Ukiwa na vitunguu laini ndani na vikavu juu, umewazidi.

Anayehofia umeme ajue kwamba oveni ya wati 2,000 hata ikiwaka saa nzima bila kukatika inakula uniti mbili, na sisi hatufiki huko. Asiye na oveni ana njia ambayo bibi zetu wameitumia kwa mkate wa kumimina: moto chini na juu. Tumia sufuria nzito iliyopakwa siagi, mchanganyiko usizidi robo tatu ya kina chake, mfuniko uwe bapa. Chini weka makaa machache tu yaliyokwisha kushika majivu, mengi palia juu ya mfuniko. Anza kuchungulia baada ya dakika 20, na ukifunua nyanyua mfuniko wima, ukiusogeza pembeni majivu yanaingia. Chini patashika ukoko, na nyumbani kwangu ukoko huo unagombewa.

Trei hii inafaa sana kupelekwa kwa aliyejifungua au kwenye msiba, kwa kuwa inaandaliwa leo na kuokwa kesho. Ukiipanga mapema ongeza maziwa mililita 200 kwenye sosi, maana makaroni yatakunywa usiku kucha, ifunike ikishapoa, iweke kwenye friji, na kesho iongezee dakika 15 za oveni, za kwanza ikiwa na foili. Usiiache mezani zaidi ya saa mbili, hasa kwa joto la Pwani. Iliyookwa inakaa kwenye friji siku tatu au nne.

Mezani iandamane na kachumbari kali ya nyanya, ndimu na pilipili, au sukuma wiki iliyokaangwa haraka; wali au chapati pembeni ni kuzidisha. Kesho yake usiipashe nzima. Kata kipande, kiweke kwenye kikaango chenye siagi kidogo kwa moto mdogo, funika, dondoshea maziwa kijiko kimoja pembeni, na ukigeuze upande wa chini ukishakuwa mkavu na wa kahawia.